Mlango wa Nyuma na Bampa ya Gari la Mbao

1. Mzigo usioonekana

Lukafu iko katika Katanga ya Juu, chini ya nyanda za Kundelungu, zaidi ya kilometa 100 kaskazini ya mji wa Lubumbashi. Mahali hapa ni pa zamani kuliko mji wenyewe. Kabla ya mwaka 1910, mji ulipoanza kujengwa kwa jina la Elisabethville, Lukafu palikuwa tayari na kituo cha serikali. Siku hizo mizigo ilikwenda juu ya vichwa vya wapagazi. Mpagazi aliujua uzito wa mzigo wake, na ukianza kuteleza alisikia mara moja.

Dereva wa gari hana bahati hiyo. Macho yake yako mbele, lakini mizigo na watu wako nyuma. Mlango wa nyuma ukifunguka njiani, gunia la unga huanguka, naye huendelea na safari bila habari. Tena kama mtoto alikuwa ameuegemea mlango ule, kitakachoanguka si gunia. Kwa hiyo fundi ajengaye gari la mbao hana budi kuifikiria sana sehemu ya nyuma, kwa kuwa ndiyo sehemu isiyotazamwa na mtu wakati gari linapokwenda.

2. Magari ya mbao duniani

Kila gari la namna hii lina sehemu mbili. Chini kuna chasisi, yaani mihimili miwili mirefu ya chuma inayoshika injini, springi na magurudumu. Juu yake kuna bodi, yaani sanduku la kukalia watu na kuwekea mizigo. Chasisi hutoka kiwandani. Bodi yaweza kujengwa na seremala yeyote hodari.

Huko Marekani, magari yalipoanza kuenea, maseremala walijenga bodi za mbao juu ya chasisi za Ford, ili kuchukua wasafiri na masanduku yao kutoka stesheni za garimoshi. Mwaka 1929 kampuni ya Ford yenyewe ilianza kuuza gari la namna hiyo. Mbao zake zilitoka katika misitu na kiwanda chake cha Iron Mountain, katika jimbo la Michigan, na mabaki ya mbao yalichomwa yakawa makala. Mwaka 1949 Plymouth ikaanza kuuza gari kama hilo lenye bodi ya chuma kitupu, na baada ya miaka michache makampuni makubwa ya Marekani yaliacha mbao.

Huko Uingereza gari liitwalo Morris Minor Traveller lilitengenezwa tangu mwaka 1953 hata 1971. Nyuma yake lina kiunzi cha mti unaoonekana wazi. Mti ule si pambo tu. Ndio unaoshika sehemu ya nyuma. Ndiyo sababu wakaguzi wa magari wa Uingereza waliuchunguza kwa miaka mingi, na ulipokuwa umeoza gari halikupewa ruhusa ya kwenda barabarani. Katika Afrika ya Magharibi maseremala walijenga bodi za mbao juu ya chasisi za malori ya Bedford, na malori hayo yalichukua watu na mazao ya sokoni kwa miaka mingi.

Basi tufikiri kwamba fundi wa Lukafu amepata chasisi kuukuu iliyo nzima, naye ataka kujenga bodi ya mbao. Atafanyaje nyuma? Kuna kanuni moja ya kumwongoza: mbao zifunge, chuma kichukue. Maana yake, mbao zizuie mizigo isitoke, lakini uzito mkubwa na kishindo cha kugongwa vichukuliwe na chuma kilichofungwa katika chasisi.

3. Mti na majira

Kwanza fundi achague mti. Katika Katanga mti mzuri kwa kazi hii ni mulombwa, ambao Tanganyika ya zamani na Tanzania ya leo huuita mninga. Mti huu haupindiki sana ukikauka, hauliwi upesi na mchwa, nao hukubali randa na patasi. Mupapa nao ni mgumu na imara, lakini ni mzito zaidi. Miti ya miombo kama muputu ni mingi, walakini hupinda na kupasuka ikikauka, kwa hiyo haifai kwa mlango.

Mti uliokatwa haujafa kabisa: hunywa maji ya hewa na kuyatoa tena. Katika Katanga mvua hunyesha tangu mwezi wa Novemba hata Machi, na kuanzia Mei hewa huwa kavu sana. Ubao wenye upana wa sentimeta 30 waweza kupanuka milimeta 2 au 3 wakati wa mvua, na kupungua vivyo hivyo wakati wa kiangazi. Lakini kwa urefu wake ubao haubadiliki sana. Mlango uliotengenezwa mwezi wa Agosti bila nafasi utakwama mwezi wa Januari. Tena mlango uliotengenezwa kwa mbao mbichi utalegea na kupiga kelele njia nzima.

Kwa hiyo mbao zikaushwe kivulini miezi mingi, zikipangwa na vijiti katikati yake ili hewa ipite. Halafu mlango usitengenezwe kwa mbao pana zilizopigiliwa misumari tu. Atengeneze kiunzi cha mbao nne nene, akiziunganisha pembeni kwa ulimi na tundu. Upande wa ndani wa kiunzi achimbe mfereji mwembamba, na mbao za katikati ziingizwe mle bila gundi. Hivyo mbao za katikati zaweza kupanuka na kupungua ndani ya mfereji, na mlango wote haubadili umbo. Milango mingi ya makanisa ya zamani ilitengenezwa kwa namna hii hii.

Adui mwingine ni maji yanayotulia. Maji huingia upesi mahali ubao ulipokatwa kwa kukingamisha, kama vile maji yaingiavyo katika mirija. Kwa hiyo ncha za mbao zipakwe rangi ya mafuta mara mbili au tatu kabla ya kuunganishwa. Ubao wa chini wa kiunzi utobolewe matundu madogo, ili maji na matope yatoke.

4. Bawaba na minyororo

Mlango wa nyuma waweza kufunguka kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni milango miwili inayofunguka kulia na kushoto, kama ile ya Morris Traveller. Njia ya pili ni mlango mmoja unaoshuka, wenye bawaba chini. Mlango unaoshuka hupendwa na wachukuzi wa mizigo, kwa kuwa ukiwa wazi huwa kama meza ya kupakia magunia. Lakini meza hiyo hubebwa na nini?

Watu wengi hudhani kwamba hubebwa na bawaba. Sivyo. Bawaba hushika ukingo mmoja tu; ukingo wa pili hushikwa na minyororo miwili ya pembeni. Kwa hiyo minyororo yataka hesabu. Kama mnyororo umefungwa katika nguzo sentimeta 45 juu ya bawaba, na katika mlango sentimeta 45 kutoka bawaba, urefu wake uwe sentimeta 64 hivi. Hapo mlango utalala sawasawa. Ukiwa mrefu zaidi, mlango utashuka hata uilalie bampa, na siku moja bawaba zitang'oka.

Pia mnyororo usifungwe chini sana katika nguzo. Tufikiri mzigo wa kilo 80 umewekwa katikati ya mlango wenye kimo cha sentimeta 60. Kama minyororo imefungwa sentimeta 45 juu ya bawaba, kila mmoja huvutwa kwa nguvu ya kilo 38 hivi. Kama imefungwa sentimeta 15 tu juu ya bawaba, kila mmoja huvutwa kwa nguvu ya kilo 84 hivi, yaani zaidi ya mara mbili, ingawa mzigo ni ule ule. Kamba iliyolala huvutwa kwa nguvu kuliko kamba iliyosimama. Tena mchukuzi akisimama ukingoni badala ya katikati, nguvu hiyo huongezeka maradufu.

Kwa hiyo bawaba na minyororo isishikwe kwa skrubu zilizoingia katika mti tu. Itumike bolti iliyopenya ubao mzima, na upande wa pili iwekwe washa pana kabla ya nati, ili nati isizame katika mti. Afadhali ukanda wa chuma wa bawaba upande juu ya mlango hata mahali mnyororo uliposhikwa. Hapo chuma hushikana na chuma, na mti umekaa katikati bila kuumia. Gurudumu la akiba lisitundikwe katika mlango huu, maana bawaba zitachoka kwa uzito wake hata siku gari halina mzigo.

5. Komeo na pini

Mlango ufungwe kwa makomeo mawili, moja kulia na moja kushoto. Komeo moja la katikati halitoshi, kwa maana likivunjika hakuna la kulisaidia. Tena barabara yenye mashimo hurusha komeo juu kidogo kidogo, na komeo linaloshikwa na uzito wake tu laweza kutoka. Kwa hiyo kila komeo liwe na pini ya kulizuia, na pini ifungwe kwa kamnyororo kafupi isipotee. Pini inayopotea hubadilishwa kwa kijiti, na kijiti hukatika.

Makomeo yawe mahali pa kufikiwa na mtu aliye nje. Watoto waliokaa ndani wasiweze kuyafungua kwa mchezo.

6. Bampa

Bampa ni kizuizi cha nyuma cha kupokea kishindo. Fundi asiye na uangalifu huifunga katika bodi, kwa sababu ni rahisi, nayo hupendeza. Siku gari lingine likiigonga, kishindo chote huingia katika mbao. Nguzo hupasuka, mlango hujifunga au hufunguka wenyewe, na waliokaa nyuma huumia. Bampa lazima ishikwe na mikono miwili ya chuma iliyofungwa kwa bolti katika mihimili ya chasisi. Kati ya bampa na mlango ibaki nafasi ya sentimeta 10 hivi, ili bampa ikipinda isiuguse mlango. Uso wa bampa waweza kuvikwa ubao mzuri wa mulombwa, lakini nyuma ya ubao huo kuwe na chuma.

Bampa iwe na kimo gani? Hapa kuna mashauri mawili yanayopingana. Shauri la kwanza latoka katika njia. Gari likipanda kutoka mtoni, mkia wake huinama. Bampa ikiwa chini sana, huchimba ukingo wa mto na gari hukwama. Shauri la pili latoka kwa gari linalofuata. Bampa ikiwa juu sana, gari dogo linaloigonga haligusi bampa. Hupita chini yake, na bodi ya mbele huwakata waliokaa ndani. Mwaka 1967 mchezaji wa sinema Jayne Mansfield alikufa hivyo huko Marekani, pamoja na wawili waliokaa mbele, gari lao lilipogonga nyuma ya lori. Watoto waliokuwa kiti cha nyuma walipona. Tangu mwaka 1998 sheria ya Marekani huamuru kwamba kizuizi cha nyuma cha trela kubwa mpya kisipite sentimeta 56 juu ya ardhi.

Mashauri haya mawili hupatana kwa jambo moja: mkia uwe mfupi. Fundi achukue kamba, ashike ncha moja pale gurudumu la nyuma linapogusa ardhi, na kuivuta ncha ya pili hata ukingo wa chini wa bampa. Mteremko wa kamba hiyo ndio mteremko ambao gari laweza kuupanda bila bampa kugusa. Mkia ukiwa mrefu, kamba hulala, na bampa lazima iinuliwe. Mkia ukiwa mfupi, kamba husimama, na bampa yaweza kubaki chini mahali panapofaa.

Wako wenye magari wanaomwambia fundi aongeze mkia ili mifuko ya makala ienee zaidi. Asikubali upesi. Mzigo uliopita nyuma ya magurudumu ya nyuma ni kama mtoto mnene aliyekaa ncha moja ya ubao wa pembea: hushuka yeye, na mwenzake huinuka. Hivyo magurudumu ya mbele hupungukiwa na uzito, usukani huwa mwepesi, na gari halimtii dereva.

7. Vumbi, moshi na taa

Mtu akilitazama gari linalokwenda wakati wa kiangazi, ataona vumbi jekundu likizunguka nyuma yake na kuingia ndani kama mlango uko wazi. Sababu yake ni hii: gari husukuma hewa pembeni, na nyuma yake hubaki mahali penye hewa kidogo, basi hewa ya nje hukimbilia huko. Vumbi huonekana. Lakini moshi wa injini hufuata njia ile ile, na ndani yake mna sumu isiyo na rangi wala harufu, iitwayo monoksidi ya kaboni. Sumu hiyo hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwanza mtu huumwa kichwa, halafu husinzia, na mwisho haamki tena. Mama aonaye watoto wamelala nyuma ya gari hudhani wamechoka na safari.

Kwa hiyo bomba la moshi lirefushwe hata lipite bampa, wala lisiishie chini ya sakafu ya mbao. Nyufa za sakafu zizibwe. Ukingoni mwa mlango ubandikwe mpira wa tairi la ndani, ili nafasi iliyoachwa kwa ajili ya mti kupanuka isiwe njia ya moshi. Na gari lisiendeshwe hata kidogo mlango wa nyuma ukiwa wazi wakati watu wamekaa ndani.

Mwishowe ni taa. Taa za nyuma zikifungwa katika mlango unaoshuka, mlango ukiwa wazi taa hutazama ardhi, na gari lililosimama usiku halionekani. Kwa hiyo taa zifungwe katika nguzo za pembeni, au juu ya bampa. Kibao cha namba, kama kimefungwa katika mlango, kitiwe bawaba yake ndogo, ili kining'inie wima hata mlango ukilala. Mafundi wa Marekani walifanya hivyo katika magari yao ya mbao.

8. Kazi ya seremala

Mtakatifu Yosefu alikuwa seremala. Seremala mwema hujulikana kwa viungo ambavyo mwenye nyumba hatavifungua kamwe kuvitazama. Ndivyo ilivyo kwa gari. Bodi iliyopakwa rangi nzuri husifiwa sokoni siku moja. Bolti iliyopenya, pini iliyo mahali pake na bampa iliyoshikwa na chasisi hazisifiwi na mtu, lakini hulinda watu kila siku. Hulinda watoto waliokaa nyuma, na hulinda pia mgeni anayefuata katika gari lake, ambaye fundi hamjui jina. Yeye naye ni jirani.

Kabla ya kila safari dereva azunguke nyuma. Ashike komeo la kulia, ashike la kushoto, atazame pini zote mbili, aitikise bampa kwa mguu wake. Kazi hiyo haimalizi dakika mbili.

Maneno ya kukumbuka

Chasisi: mihimili ya chuma iliyo chini ya gari.
Bodi: sanduku la gari lililo juu ya chasisi.
Kiunzi: mbao zilizounganishwa ili kushika umbo la kitu.
Bampa: kizuizi cha mbele au cha nyuma cha kupokea kishindo.

Maswali

1. Kwa nini mlango uliotengenezwa mwezi wa Agosti waweza kukwama mwezi wa Januari?
2. Mnyororo ufungwe juu au chini katika nguzo? Eleza sababu.
3. Bampa ifungwe wapi, na kwa nini isifungwe katika bodi?
4. Mkia mrefu wa gari huleta hatari gani mbili?
5. Vumbi hutufundisha nini juu ya moshi?
6. Piga hesabu: mnyororo umefungwa sentimeta 30 juu ya bawaba, na sentimeta 40 kutoka bawaba katika mlango. Urefu wake uwe sentimeta ngapi?